Mwanangu ameitwa kazini kwenye meli kubwa ya mafuta. Nimwache aende?

"Kapteni, habari za kazi. Naishi Kigamboni, karibu na Mjimwema. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 23, alimaliza kozi zake za ubaharia mwaka jana na tangu hapo yuko nyumbani tu. Wiki iliyopita wakala mmoja wa mjini alimpigia simu, akasema kuna nafasi ya baharia wa sitaha kwenye meli kubwa sana ya mafuta ghafi inayokwenda Uarabuni na China, mkataba wa miezi tisa. Anataka tumtumie shilingi milioni tatu za kushughulikia karatasi kabla ya Ijumaa. Mwanangu hata kula hali kwa furaha. Mimi silali. Jirani ananiambia meli hizo ni bomu linaloelea, cheche moja tu na kwisha habari. Shemeji yangu anasema gesi ya mafuta inawamaliza watu polepole, na kwamba kijana hatakanyaga nchi kavu miezi yote tisa. Wengine wananitajia maharamia. Kila nikiziona meli zilizotia nanga pale nje, moyo unanienda mbio. Naomba ukweli, hata kama ni mchungu. Nimwache aende?"

Dada yangu, pole kwa usiku wa mawazo. Nimefanya kazi kwenye meli za mafuta kwa miaka mingi na sasa nafundisha vijana wa umri wa mwanao, kwa hiyo swali lako nalisikia mara nyingi, ingawa wazazi wachache huliandika kwa uwazi namna hii. Nitakujibu jambo moja moja. Ila moja siwezi kuliacha lisubiri: msitume hizo milioni tatu. Ya Ijumaa ni haraka ya wakala, si ya kwenu. Nitaeleza sababu mbele, lakini kama utasoma mstari huu tu kisha uitwe jikoni, uwe umeshaipata sehemu kubwa ya jibu langu.

Tuanze na meli yenyewe. Zile unazoziona nje ya Mjimwema, zinazosubiri zamu ya kushusha kwenye boya au kuingia gati la mafuta la Kurasini, sizo hizi tunazozizungumzia. Zile zinaleta dizeli, petroli na mafuta ya ndege, mafuta yaliyokwisha kusafishwa huko yalikotoka. Mtambo wa TIPER hapo kwenu Kigamboni ulianza kusafisha mafuta ghafi miaka ya 1960, lakini siku hizi ni maghala tu. Na bomba la TAZAMA, lililokuwa likisukuma mafuta ghafi hadi Ndola, Zambia, tangu mwaka 2023 linapitisha dizeli. Meli anayotajiwa mwanao ni ya daraja jingine. Ina urefu wa mita 330 hivi na upana wa mita 60, inabeba mapipa milioni mbili ya mafuta ghafi, na ikijaa inazama mita ishirini na zaidi chini ya maji. Haiwezi kuingia bandari ya Dar es Salaam, wala bandari nyingi za dunia hii. Hata mfereji wa Suez haupiti ikiwa imejaa. Meli za ukubwa huu zilishamiri hasa mfereji huo ulipofungwa kuanzia 1967 hadi 1975, mafuta ya Ghuba yakalazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kupitia upande wetu huu wa bahari; wenye meli wakaona kwa safari ndefu hivyo ni heri kubeba mzigo mkubwa kwa mara moja. Na juu ya chombo chote hicho kuna watu ishirini na tano hivi tu. Hilo la watu wachache liweke akilini, nitalirudia.

Sasa hofu ya jirani yako. Meli za mafuta zimewahi kulipuka, na atakayekwambia vinginevyo anakudanganya. Ila watu wengi huogopa meli iliyojaa, na hapo ndipo wanapokosea. Mafuta yenyewe, yakiwa maji, hayawaki. Kinachowaka ni mvuke wake, tena mpaka uchanganyike na hewa kwa kiasi maalumu: mvuke ukiwa kidogo mno hauwaki, ukiwa mwingi mno hauwaki, na oksijeni ikiwa chini ya asilimia 11 hivi hauwaki hata ukiletewa kiberiti. Tangi lililojaa hadi juu halina nafasi ya hewa. Tangi lililomwagwa likabaki na utando wa mafuta kwenye kuta, likaingiwa na hewa ya kawaida, hilo ndilo la kuogopwa. Mafundi wa kuchomelea pale Gerezani wanalijua hili vizuri: pipa lililokuwa na petroli hawaligusi na moto mpaka lioshwe na kujazwa maji, na aliyepuuza mara nyingi hakupata nafasi ya kupuuza tena.

Dunia ya meli ililijua hili kwa gharama kubwa. Desemba 1969, ndani ya mwezi mmoja, meli tatu kubwa mpya zililipuka: Marpessa karibu na Senegal, Mactra katika mlango wa bahari wa Msumbiji, jirani zetu hapa, na Kong Haakon VII karibu na Liberia. Watu walikufa, na Marpessa ikazama. Zote tatu zilikuwa tupu, zikioshwa matangi kwa mabomba ya maji yenye nguvu kubwa. Uchunguzi ulionyesha kuwa maji yale yalipopiga kuta za tangi kubwa kiasi kile yalifanya ukungu uliojaa chaji ya umeme tuli, ule ule unaokupiga kidogo ukivua sweta wakati wa ukavu. Cheche ikapatikana bila mtu yeyote kuwasha kitu.

Dawa yake ndiyo iliyobadilisha kazi hii, na ningependa uielewe kwa sababu ndiyo itakayomlinda mwanao. Moshi wa boila za meli una oksijeni kidogo sana, kwa kuwa moto umekwisha kuitumia. Badala ya kuachwa wote upotelee angani, sehemu yake huoshwa kwa maji ya bahari, hupozwa, na husukumwa ndani ya matangi. Kadiri shehena inavyotoka, nafasi inayobaki haijazwi hewa, inajazwa gesi hiyo isiyounguza. Kanuni ya kimataifa inataka oksijeni ndani ya tangi isizidi asilimia 8, wakati hewa tunayovuta ina karibu 21. Mitambo ya kipimo inaangaliwa usiku na mchana, na gesi ikikatika, kushusha mafuta kunasimama papo hapo. Juu ya hapo kuna nidhamu ya kila siku: simu haitoki nje ya makazi, sigara inavutwa chumba maalumu tu, tochi na redio za sitahani ni zile zilizotengenezwa zisitoe cheche. Meli inayofuata haya si bomu. Nitakwambia na jambo ambalo wengi hulishangaa: kwa upande huu meli kubwa mara nyingi ni salama kuliko ndogo. Meli za mafuta zilizo chini ya tani 8,000 hazilazimishwi kanuni hiyo kuwa na mtambo wa gesi isiyounguza. Kwa hiyo mzazi anayesema "aanze na ya mwambao, ndogo ndogo, ndiyo salama" asidhani udogo wenyewe ni kinga.

Shemeji yako anakaribia ukweli zaidi ya jirani. Gesi ndiyo hatari ninayoitilia uzito kuliko moto. Mafuta ghafi mengi yana hidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Ujanja wake mbaya ni kwamba ikizidi kiasi fulani inaua kwanza uwezo wa pua kunusa, basi mtu anadhani imeondoka kumbe imeongezeka. Ikizidi zaidi anaanguka kwa pumzi chache. Ndiyo maana baharia hupewa kipimo kidogo cha kubandika kifuani, kinacholia kabla pua haijadanganyika. Nyingine ni benzeni, ambayo haimdhuru mtu siku hiyo hiyo, bali akiivuta kwa miaka inaweza kuleta saratani ya damu. Kinga yake ni barakoa sahihi wakati wa kufungua mabomba na kupima matangi, kusimama upande unakotoka upepo, na kutonawa mikono kwa petroli, tabia ambayo vijana wetu wanaibeba kutoka gereji. Mwambie aiache nyumbani.

Lakini wengi wanaokufa kwenye matangi hawafi kwa mafuta. Wanakufa kwa kukosa oksijeni mahali ambapo hapana hata tone la mafuta. Baada ya Exxon Valdez kupasuka Alaska mwaka 1989, sheria zilitaka meli za mafuta ziwe na ngozi mbili, na katikati ya ngozi hizo kuna matangi ya farumi, yaani maji ya bahari yanayoipa meli uzito ikirudi tupu. Jambo jema sana kwa bahari. Ila matangi hayo yakikaa yamefungwa, chuma kinapiga kutu, na kutu inakula oksijeni iliyomo. Mtu anafungua mfuniko, anaona pakavu, hapanuki kitu, anashuka ngazi. Hana hata dakika ya kujuta. Kisha mwenzake anamwona amelala chini, anaruka kwenda kumwokoa, naye anabaki huko huko. Vifo vingi vya namna hii ni vya waliokwenda kuokoa.

Nikuonyeshe inavyotakiwa kuwa, ili umuulize mwanao kama alifundishwa hivi. Mfuniko umefunguliwa tangu jana na feni inasukuma hewa safi chini. Chifu ofisa anashusha mpira mwembamba wa kipimo, anasoma juu, katikati, kisha chini kabisa, kwa sababu gesi nzito hukaa chini. Anaandika tarakimu kwenye karatasi ya ruhusa: oksijeni 20.9, mvuke wa mafuta chini ya asilimia moja ya kiwango cha kuwaka, hidrojeni salfaidi hakuna. Karatasi ina saa ya kuanza na saa ya kwisha. Ikipita, kila mtu anatoka juu hata kama kazi imebaki boliti moja. Mdomoni mwa tangi anakaa mtu mmoja na redio na orodha ya majina, hana kazi nyingine kabisa. Pembeni yake pana mitungi ya kupumulia na kamba ya kuokolea, tayari. Ndipo wanashuka, ngazi baada ya ngazi, karibu mita thelathini kwenda chini, kila mmoja na kipimo chake kifuani, na sauti zao zinarudi kama za watu walio msikitini usiku. Tangu 2015 sheria inataka mazoezi ya jambo hili yafanyike kila baada ya miezi miwili.

Kama kuna kitu kimoja cha kumkalisha mwanao chini na kumwambia kabla hajafunga begi, ni hiki: tangi lisilo na karatasi ya ruhusa asiliingie, hata nahodha mwenyewe amwambie. Nalisema kwa uchungu kwa sababu najua vijana wetu. Kijana wa kwetu akiwa peke yake kati ya wageni, safari ya kwanza, anaogopa kuonekana mwoga au mvivu. Anaambiwa "dakika mbili tu", anashuka. Ana haki ya kukataa, na meli yenye akili itamshukuru. Meli itakayomfokea kwa hilo ni meli ya kushuka bandari inayofuata.

Kazi yake ya kila siku haina maajabu. Akianza kama baharia wa chini wa sitaha atagonga kutu, atapaka rangi, atapaka grisi, atafagia, atakaa zamu ya kuangalia usiku pale juu kwenye daraja la uongozaji pamoja na ofisa, na kila siku atatii serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha. Meli inakwenda polepole, maili za baharini 13 hadi 15 kwa saa, na kutoka Ghuba hadi China ni kama wiki tatu. Siku za kupakia na kushusha ndizo zinazochosha. Pampu za meli hizi zinaweza kumaliza shehena yote kwa siku moja hadi mbili, na muda huo wote watu wale wale ishirini na tano wanazungusha zamu, wanatembea sitaha kutazama uvujaji, wanalegeza na kukaza kamba kwa kuwa meli inapanda juu kadiri inavyopungua uzito. Kamba hizo za kufungia meli zimeumiza mabaharia wengi. Ikikatika ikiwa imekazwa inarudi kwa nguvu ya kuvunja mfupa, hivyo ajue pa kusimama na pa kutosimama. Uchovu ndio unaosahaulisha watu mambo haya, na ndiyo maana sheria inampa angalau saa 10 za kupumzika katika kila saa 24, na saa 77 katika kila wiki. Asisaini karatasi ya saa za mapumziko ambazo hakupumzika. Hilo hufanyika, tena zaidi ya inavyokubaliwa.

Je, hatakanyaga nchi kavu? Hapa sitakupoza. Shemeji yako yuko karibu na ukweli. Meli hizi zinapakia na kushusha kwenye boya au gati lililo maili kadhaa baharini, kwa muda mfupi, na vituo vingi vya mafuta haviwaruhusu mabaharia kupita. Inawezekana kabisa akazunguka miezi tisa, akaziona taa za miji mingi na asishuke hata mmoja. Kwa sheria mkataba wa melini haupaswi kufika miezi kumi na miwili, kwa hiyo tisa ni halali, lakini kwa safari ya kwanza ni mingi. Kama anaweza kuomba sita, aombe. Meli nyingi sasa zina intaneti, mtaongea. Ila uliza mapema anapata kiasi gani na kwa bei gani, kwa sababu zipo meli zinazowauzia mabaharia kama dhahabu. Mzazi usimpelekee kila tatizo la nyumbani kwa ujumbe wa usiku. Paa la jikoni likivuja hawezi kuliziba akiwa karibu na Singapore, atakaa nalo tu kichwani wakati anashika kamba. Kinyume chake, ukiona majibu yake yamekuwa ya neno moja moja, halali, hataki tena kuongea na wadogo zake, usisubiri arudi. Mwambie amweleze nahodha na aombe daktari. Meli zote zina njia ya kupata ushauri wa daktari kwa redio au simu.

Maharamia nao si hadithi. Novemba 2008, Sirius Star, meli ya daraja hili hili yenye mapipa milioni mbili, ilitekwa na Wasomali mamia ya maili kusini-mashariki mwa Kenya na kushikiliwa hadi Januari 2009. Mabaharia wote 25 walitoka hai. Baada ya hapo doria za kivita, nyaya za miba na walinzi walipunguza sana utekaji, ingawa haujakwisha kabisa. Siku hizi mimi natazama zaidi vita. Agosti 2024 meli ya mafuta Sounion ilishambuliwa Bahari ya Shamu ikiwa na mapipa kama milioni moja. Mabaharia waliokolewa, meli ikaungua kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo uliza njia ya meli, na soma mkataba unasemaje kuhusu maeneo ya vita. Mikataba mizuri, hasa ile iliyokubaliwa na shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa usafirishaji duniani, ITF, inampa baharia haki ya kukataa kuingia eneo la vita na kurudishwa nyumbani kwa gharama ya mwenye meli, na akikubali kwenda analipwa zaidi. Mkataba uliokaa kimya juu ya hili si mkataba wa kusaini ukiwa umesimama mlangoni.

Sasa turudi kwenye milioni tatu, maana hapa ndipo ninapoiona hatari kubwa kuliko zote ulizozitaja. Upo Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, unaojulikana kama MLC, na unasema waziwazi kwamba baharia halipishwi ada ya kutafutiwa au kupewa kazi. Anachoweza kugharamia mwenyewe ni cheti chake cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza inalipwa na mwenye meli. Tiketi inalipwa na mwenye meli. "Kushughulikia karatasi" ni jina tu la kitu kilichokatazwa. Ama wakala ni tapeli na meli haipo, ama meli ipo na wakala anauza nafasi, na anayeuza nafasi hachagui meli nzuri ya kumpeleka mtoto wako.

Na meli mbaya zipo, tena nyingi kuliko zamani. Meli kubwa ya mafuta ikikaribia miaka kumi na mitano, makampuni makubwa ya mafuta huanza kuikwepa. Zamani ingefanya kazi miaka michache zaidi kisha ikapelekwa kukatwa vyuma Alang, India, au Chittagong, Bangladesh. Sasa nyingi zinanunuliwa na watu wasiojulikana, zinabadilishwa jina na bendera, zinazima mtambo wa kujitambulisha na kubeba mafuta ya nchi zilizowekewa vikwazo, zikiwa na bima ambayo siku ya ajali hailipi. Hata bendera yetu imewahi kutumiwa hivyo: mwaka 2012 ilibainika kuwa meli za mafuta za Iran zilisajiliwa Zanzibar kupitia wakala aliyekuwa Dubai, na serikali ikazifuta. Kwenye meli kama hizo ndipo mtambo wa gesi unapokuwa mbovu, vipimo vimekufa betri, mshahara unachelewa, na siku ya matatizo mwenye meli hapatikani kwenye simu. Yote niliyokueleza hapo juu kuhusu usalama yanategemea kuwepo mtu anayelipia matengenezo. Ukubwa wa meli hauoni nani anamiliki.

Namna ya kujua haihitaji uwe mtaalamu. Mwanao amwombe wakala jina la meli na namba yake ya IMO, tarakimu saba ambazo hazibadiliki hata meli ibadilishwe jina mara kumi. Kwa namba hiyo ataingia Equasis, tovuti ya bure, ajisajili, aone meli ilijengwa lini, ina bendera gani, imebadilisha wamiliki mara ngapi na imewahi kuzuiliwa bandarini kwa kasoro. Akikuta meli ya miaka ishirini na zaidi iliyobadilisha bendera mara tatu hivi karibuni, mazungumzo yaishe hapo. Aangalie pia kama wakala ameulizia cheti cha mafunzo ya awali ya meli za mafuta na kemikali. Bila cheti hicho hatakiwi kupewa majukumu ya shehena kwenye meli ya mafuta, na kampuni ya kweli hukiulizia mapema kabisa, kisha humfanyia usaili na kumpeleka kwa daktari wanayemtambua. Wakala aliyeulizia pesa kabla ya cheti amejieleza mwenyewe.

Baada ya hapo mnazo njia tatu, na nitakuwa mkweli kwa kila moja. Kama meli ni nzuri, kampuni inajulikana na hakuna ada, mimi ningemwacha aende bila kusita. Mshahara ni wa dola, mafunzo ya nidhamu ya meli za mafuta yanaheshimika popote, na siku za baharini anazopata ndizo zitakazompandisha kutoka baharia wa chini hadi baharia kamili, baadaye labda ofisa. Kama ofa hii ni ya mashaka, aanze hapa: meli za Zanzibar, tagi za bandari, matishari, meli za mizigo za mwambao. Malipo ni madogo na atachoka kuambiwa subiri, lakini siku zinahesabiwa kwenye kitabu chake na analala karibu na watu wanaomjua. Ya tatu ni kungojea ofa nyingine kubwa huku akiongeza cheti kile cha meli za mafuta kama hana. Hii ndiyo ngumu kwa kijana aliyekaa nyumbani mwaka mzima, naijua, na ndiyo inayowafanya wengi walipe. Gati la Chongoleani, Tanga, litakapoanza kutoa mafuta ya bomba la Hoima, Uganda, lenye kilomita 1,443, meli za mafuta ghafi zitakuja kupakia kwetu, na anayeijua kazi hii atakuwa na thamani zaidi. Ila lisiwe ahadi ya kumshibisha leo.

Jibu langu haliwezi kuchukua nafasi ya mtu aliyeushika mkataba mkononi. Kabla ya Ijumaa, nendeni wewe na mwanao ofisi za TASAC, shirika la serikali linalosimamia mambo ya meli, hapa mjini, muulize jambo moja: wakala huyu ana leseni ya kuwapeleka mabaharia kwenye meli za nje? Mkiwa na mkataba, upelekeni kwa chama cha mabaharia au mwanasheria wa masuala ya kazi, na walimu wake wa chuo wausome pia. Wengi wetu tutafanya hivyo bila malipo. Kama mmeshatuma sehemu ya pesa, tunzeni ujumbe wote wa simu na mwende polisi leo, msingoje kuona. Na kama kijana ana pumu, kifafa, au aliwahi kuzirai mahali pa joto, asifiche kwa daktari wa mabaharia ili apate cheti. Baharini hakuna hospitali ya jirani.

Akipata meli ya kweli na siku ya kuondoka ikafika, abaki na nakala halisi ya mkataba wake, na wewe baki na picha yake. Andika mahali jina la meli, namba ya IMO, jina na simu ya kampuni, si ya wakala peke yake. Aandike kwenye mkataba sehemu ya mshahara inayoingia moja kwa moja kwenye akaunti yako kila mwezi, MLC inamruhusu. Miezi miwili ikipita bila mshahara, kisheria anahesabiwa ametelekezwa, na bima ya meli inapaswa kumrudisha nyumbani na kumlipa hadi miezi minne ya stahili zake. Cheti cha bima hiyo hubandikwa mahali pa wazi melini. Akipanda tu, akipige picha akutumie, kabla hata hajafungua begi.